Ramani ya Pangoni

Jumatatu, 1 Juni 1970

Kosa la wengi ni kudhani uwandani hamna kitu. Wanaona mawe na vichaka, jembe halipiti, mnazi hauoti, basi wanasema ardhi hii kiwete. Si kweli. Mvua yetu haina mto. Huzama katika jiwe la matumbawe, hushuka polepole, hukusanyika chini pangoni. Msitu ulio juu ya pango ni kifuniko cha mtungi. Ukikiondoa usije ukayalaumu maji.

Nimemweleza hivyo mpimaji aliyepita asubuhi nikipalilia mihogo. Katoka mjini, mtu wa heshima. Ametia alama nyeupe juu ya mawe toka barabarani mpaka ukingo wa msitu. Wanataka machimbo: kokoto na chokaa kwa majumba mapya ya mjini. Alinisikiliza, akanishukuru, akaendelea kupaka.

Ijumaa, 5 Juni

Baada ya sala hakuna aliyeondoka msikitini. Wanawake nao wakaja, wakasimama uani. Sijapata kuona kijiji hiki kikikubaliana jambo, hata siku ya Idi. Leo kimekubaliana. Majumba yajengwe, lakini mawe yapo mengi kwengine. Pangoni hapana. Nikaombwa niandike barua, na kila mtu atie sahihi au dole gumba.

Nikasema barua peke yake haitoshi. Mtu wa ofisini haamini asichokiona. Tumchoree ramani: pango hapa, maji hapa, kima punju wanalala hapa, paa nunga wanapita hapa.

Bi Kazija akacheka. Yeye ndiye mvyale wetu, mwenye kuutunza mzimu wa Pangoni. Hakuna anayeingia kule mpaka yeye atangulie na chetezo cha ubani, apige hodi. Ni binti wa ami yangu, kanipita miaka sita.

"Njia ya Pangoni haisemwi, Mwalimu. Mtu hupelekwa."

"Dada, hii ni karatasi tu."

"Basi kama ni karatasi tu, ya nini?"

Watu wakacheka. Miaka thelathini na moja ya ubao na chaki, nami nikainamia barua yangu.

Jumanne, 9 Juni

Siku nne nimekwenda barazani kwake. Nimemweleza kuwa zamani kitu kililindwa kwa kufichwa; siku hizi kisichoandikwa hakipo. Leo ama kachoka, ama kaniamini. Akanipeleka. Miguu mitupu, yeye mbele na ubani, mimi nyuma na daftari. Kila nilipotaka kuandika alisimama akanisubiri. Kwenye mlango wa pango akasema, "Haya. Nshakupa."

Nimechora mpaka alasiri. Kazi nzuri, nasema mwenyewe. Kima wetu huitwa punju, yaani sumu. Ati mbwa akimla hunyonyoka manyoya. Uvumi huo ndio uliowasalimisha. Paa nunga hupita chini yao na kula maua wanayoyaangusha juu mitini. Kima wakihama, na yeye hana chakula. Yote nimeyaandika pembeni kwa herufi ndogo. Upande wa magharibi wa pango nimeandika: Hapa jiwe ni nene na gumu kuliko kwengine kote, ndilo linalozuia maji yasitoroke.

Alkhamis, 11 Juni

Mjini. Othman sasa ni mkubwa wa wapimaji, ana ofisi ghorofani, Shangani, na mtu wa kumfungulia mlango. Ni mwanafunzi wangu wa zamani. Kwao ilikuwa mbali na skuli, akalala kwangu Mkunazini, nilipokuwa nikifundisha mjini, miaka mitatu. Marehemu mke wangu akimfulia na kumtilia chakula kabla yangu.

"Shikamoo, Mwalimu." Akatoka nyuma ya meza, akanibusu mkono.

"Marahaba, baba."

Akaikunjua ramani. Akaitazama kwa muda mrefu, kidole kikifuata njia. Akasema wapimaji wake wote hawawezi kuchora hivi. Nikajiona. Sina haja ya kuficha, hapa hasomi mtu.

"Niachie mimi. Hili ni langu."

Nikamwachia vyote: barua, karatasi za madole, ramani. Sikubakisha nakala. Nakala ya nini, kwa mtoto aliyekula kwangu?

Jumamosi, 27 Juni

Kimya. Nawaambia watu kimya cha ofisini ni dalili ya kazi. Wananiamini.

Jumatano, 8 Julai

Tangu juzi watu wanaitwa. Mmoja mmoja, chumba kimoja, maafisa wawili wasiotokea huku. Swali ni moja: wewe ndiye uliyetia dole kupinga maendeleo? Hawapigwi. Wanaulizwa tu, kisha wanaulizwa tena, kisha wanapewa karatasi ya kujitoa.

Mzee Vuai, jirani yangu, kawaambia alidhani anaandikishwa sukari. Tumecheka sana barazani. Kisha tukakumbuka kuwa na yeye kajitoa.

Jambo moja linaniumiza. Wanaitwa kwa mpango wa orodha yangu, jina baada ya jina, kama nilivyoliandika. La kwanza lilikuwa langu. Mimi sijaitwa.

Jumatatu, 13 Julai

Gari la mawe limeingia saa mbili. Halikuuliza njia. Halikufuata hata zile alama nyeupe. Limekwenda moja kwa moja mpaka Pangoni, wenye mapanga mbele wakikata.

Nimekwenda. Msimamizi alikuwa na karatasi juu ya boneti. Nakala, wino wa buluu, lakini herufi zangu. Ile sin ya Kiarabu ya kupinda niliyoizoea tangu chuoni, nikaiingiza hata katika S ya kizungu, ilikuwa pale. Kima na paa hawakunakiliwa. Maji hayakunakiliwa. Upande wa magharibi wa pango umezungushiwa duara. Jiwe nene na gumu kuliko kwengine kote.

Hapo ndipo walipoanza.

Bi Kazija alikuwepo. Hakupiga kelele. Alimtazama msimamizi, akaitazama karatasi, akanitazama mimi. Kisha akakaa chini kwenye mawe.

Alkhamis, 16 Julai

Nimekwenda Shangani. Nilidhani atajificha. Hakujificha. Akaagiza chai.

Nikamwuliza kwa nini. Akasema angelikataa yeye, shauri lingelikwenda kwa mwengine, na huyo mwengine asingelinijali. "Jina lako nimelifuta kwa mkono wangu, Mwalimu. Hakuna atakayekugusa. Wewe ni baba yangu."

Nikamwambia, "Kijijini wanajua kila aliyeitwa. Wanajua na asiyeitwa."

Akainama. Kisha akasema, bila ya kejeli, na hilo ndilo lililonichoma khasa: "Wapimaji walitaka mwaka mzima kulijua lile jiwe. Wewe umewaeleza kwa mstari mmoja."

Chai sikuinywa. Nimesalitiwa na mtu niliyemfundisha kusoma ramani. Na anaamini kabisa kuwa kanitendea wema.

Jumapili, 26 Julai

Baruti mara mbili jana, mara moja leo. Maji ya pangoni yamekuwa meupe kama tui. Kina mama sasa wanakwenda kisima cha chini, mwendo wa saa nzima, na maji yake ya chumvichumvi. Kima wamehamia katika miti ya mikungu iliyo nyuma ya msikiti. Wanakaa kimya, wanatutazama. Paa nunga sijamwona tangu gari lije.

Nikipita, mabaraza yananyamaza. Leo nimesikia nyuma yangu, sauti ya mwanamke, wala hakuipunguza: "Mwalimu hakuitwa. Sote tumeitwa, Mwalimu hakuitwa."

Nikageuka nieleze. Nikaanza na orodha, na jina lililofutwa, na Othman. Nilipofika katikati walikuwa washaingia ndani.

Bi Kazija hapokei salamu yangu. Mtu wa ukoo mmoja, miaka sitini na kitu, na hapokei salamu.

Jumatano, 5 Agosti

Nimemwandikia Bi Kazija maelezo. Kurasa sita. Yeye hasomi, ningelimsomea mwenyewe. Nimeanza na nia yangu, nikaja kwa Othman, nikaja kwa maafisa. Kila ukurasa una mkosa, na si mimi hata mmoja.

Nimezisoma tena baada ya chakula. Othman kavunja amana, hilo sitalifuta. Lakini njia ile hakuitoa Othman. Bi Kazija aliniambia mbele ya kijiji kizima kuwa haisemwi, nami nikamwona mtu asiyekwenda skuli. Nikazichana zote sita.

Jumamosi, 8 Agosti

Mashine zimenyamaza leo. Wachimbaji wamekwenda mjini kwao. Nimesali, nimefagia ua, nimemimina uji, umepoa. Upepo unatoka kusini. Toka hapa mlangoni naona moshi wa jiko la Bi Kazija. Kaamka.

Nenda kwake leo, Mwalimu, useme umekosa, wala usieleze.