Mpilipili wa Getini

Baba Pacha,

Chai iko jikoni. Chupa yako ya maji hii hapa, lita mbili. Safari ya leo ni ndefu na jua halina huruma.

Kila jioni unashuka kwenye pikipiki na chupa tupu, lakini midomo imekukauka na kichwa kinakugonga. Nikawa najiuliza. Leo nafagia getini, nikaona mpilipili umenawiri kiangazi chote hiki, na udongo wake umelowa chepechepe. Kumbe maji unayamwaga hapo ndipo uingie!

~~Sikusemeshi tena.~~ Hivi ni uvivu wa kuvua helmeti, au unaogopa kutafuta choo njiani? Nataka kujua kweli.

Mpilipili nimeshaumwagilia. Maji haya hayana pa kwenda ila kooni mwako.

Mama Pacha