Wifi, Ulinipeleka Kupimwa na Kikuba Kifuani

Mpenzi wifi yangu Mwanamvua,

Nakusalimu kwanza, nisije nikaambiwa mke wa kaka yako hana adabu. Ulinisema hivyo tangu siku niliyoolewa, na mimi nikikujibu kuwa mchuzi wako hauna nazi. Leo nilitaka nikuandikie bila utani, lakini naona siwezi.

Unaikumbuka siku ile tuliyokwenda Ukunda kupimwa matiti? Muuguzi alikuja kwenye chama chetu cha kina mama hapa Msambweni, akatueleza kuwa wanawake wa umri wetu wapimwe saratani hata kama hawahisi kitu. Mimi nilikuwa sitaki. Nikasema maradhi usiyoyatafuta hayakupati. Ukanijibu kuwa hayo ni maneno ya mwoga anayejitia hekima, ukaandikisha majina yetu wawili bila kuniuliza.

Asubuhi yake ulinijia na chetezo mkononi. Ulisema hatuwezi kwenda kumvulia mtu nguo huku tunanuka moshi wa mahamri. Ukanifukiza udi mpaka nikakohoa, ukanipaka poda shingoni na kifuani, marashi makwapani, kisha ukanichomeka kikuba cha asumini na rehani ndani ya sidiria, kama mwali anayepelekwa kwa mumewe. Wewe mwenyewe ulikuwa hivyo hivyo. Tulipoingia pale pa kungojea, watu wote waligeuka.

Binti wa mashine, mtoto wa bara, mpole, aliuliza kama tunatoka harusini. Halafu akatueleza kwa adabu kwamba poda hutokea kwenye picha ikadhaniwa ni ugonjwa, na kwamba mtu huja bila kujipaka chochote. Ilibidi tukaoge kwenye sinki la chooni, wanawake wazima wawili, tukisuguana makwapa kwa sabuni ya mikono. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kikuba chako ukampa yule binti, akakitia mfukoni mwa koti lake jeupe.

Na mashine yenyewe je, wifi? Aliyeiunda hakuwa na titi, hilo naapa. Unalilaza juu ya kibao baridi, kibao kingine kinashuka, kinabana, na bado unaambiwa usipumue. Ulitangulia wewe. Mimi nilikuwa nje ya mlango nikasikia sauti yako: "Taratibu, mwanangu. Hili limenyonyesha watoto sita, halijawahi kufanywa chapati."

Binti alicheka, wewe ukacheka, na picha ikabidi irudiwe. Zamu yangu ilipofika nilikuwa bado nacheka, na ile hofu niliyokuja nayo sijui niliiacha wapi.

Wiki iliyofuata walikupigia simu wewe. Mimi hawakunipigia.

Ya baada ya hapo unayajua kuliko mimi. Nilikasirika, wifi. Niliikasirikia mashine, nikajikasirikia mimi niliyecheka siku ile huku maradhi yamo ndani yako. Nikaja nikakwambia, wewe ukiwa kitandani, umekonda, umefunga ushungi kwa sababu nywele zilikuwa zimekwisha. Ukanishika mkono ukasema, "Tulicheka vizuri siku ile. Usininyang'anye." Ukaniapisha niendelee kwenda kila mwaka, nami nikaapa.

Nilikudanganya. Tangu tukuzike wameniita mara mbili, na mara zote mbili nilisema nina kazi nyingi ya mahamri. Kazi gani? Nilikuwa naogopa ule mlango usio na sauti yako nyuma yake.

Mwaka huu binti yako Saumu ametimiza arubaini. Alikuja, akaniambia shikamoo mkaza mjomba, akakaa, akasema kama mimi siendi kupimwa na yeye haendi. Ana kichwa kigumu, sijui kakirithi kwa nani. Nikafikiri usiku na mchana: mtoto wako apatwe na jambo kwa sababu ya woga wangu, nitakuja kukutazama vipi?

Jumanne iliyopita nikamfuata kwake Galu, twende tukapimwe. Nilikuwa nimeoga maji matupu, hata mafuta ya nazi sikupaka. Alipofungua mlango, nyumba nzima inafuka udi, poda tele shingoni, na kifuani kikuba. Sikuwa nimemwambia. Wewe nawe hukumwambia, najua uliona haya. Nilikaa kizingitini nikacheka, kisha nikalia, na yeye kasimama hajui ashike lipi. Nikampeleka bafuni nikamsugua kwa mikono yangu, huku namsimulia habari ya sinki, mpaka akaanza kucheka kicheko chako kile cha kukaa chini.

Safari hii nilitangulia mimi. Kibao kiliposhuka nikamwambia binti wa mashine, ambaye ni mwingine siku hizi, maneno yako ya chapati, ingawa wangu ni wanne tu. Akacheka. Nje ya mlango nikamsikia Saumu naye anacheka. Picha ikarudiwa.

Jana walipiga simu. Saumu ni mzima, alhamdulillahi. Mimi nimeitwa Jumatatu, wanitazame tena. Wamesema mara nyingi huwa si kitu, na huenda si kitu. Kaka yako nimemwambia siogopi. Wewe nakwambia kweli: naogopa sana.

Lakini nitakwenda. Saumu atanishikia leso mlangoni. Alfajiri nitapita kwenye ule mwasumini wako, nichume, nitunge kikuba kizuri, na nimkabidhi binti wa mashine mkononi kabla hajaniuliza kama natoka harusini.

Mola akulaze pema, wifi. Kiapo changu nimekirudia.

Mke wa kaka yako, asiye na adabu