Imekubali, Ila Sijamwambia

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Handeni, kwetu. Wiki ya pili tangu nimwache mume wangu Zaidi kule Korogwe na maneno yake. "Utaiweza wapi wewe!" – mbele ya dada zake, nao wakacheka. Kisa nimesema nataka kutengeneza programu ya kuwakumbusha wajawazito wa zahanati yetu siku zao za kliniki. Nikabeba kompyuta, nikapanda basi.

Leo nimejaribu kuweka zana zenyewe, zile ambazo ukiandika programu mara moja inakubali kwenye simu na kompyuta za kila aina. Unaandika amri ya mstari mmoja, mashine inazivuta yenyewe mtandaoni. Ikajibu: hazipo. Hazipo vipi!

Baba anasema mume akimtaka mkewe aje na mzee wake. Habari za simu hataki.

Jumatano, 6 Agosti
Nimemtumia Zaidi picha ya kosa. Picha tu, salamu hakuna. Akapiga palepale! Yeye ndiye fundi. Kasema mashine haijui pa kuzitafuta, niiongezee chanzo kwanza, yaani anwani ya mtandaoni zinakopatikana. Sauti yake, jamani! Nikawa namwambia rudia, sijasikia. Nimesikia vizuri sana. Ya ugomvi hakuna aliyeyagusa.

Alhamisi, 7 Agosti
Bando limekata katikati ya kuzivuta. Nimefurahi, Mungu anisamehe. Zaidi kapiga tena. Kauliza nimekula nini. Bada, ugali wetu wa muhogo, na mlenda. Kasema yeye ni chipsi tu kila siku.

Ijumaa, 8 Agosti
IMEKUBALI! Programu ya majaribio imefunguka kwenye kompyuta, na ileile kwenye simu ya Mama. Nimeruka mpaka Mama kadhani nyoka.

Zaidi kapiga: vipi? Nikasema bado, inagoma. Yaani limenitoka tu. Ikikubali atanipigia kwa lipi?

Akasema basi Jumapili anakuja kuiona mwenyewe. Nikauliza: peke yako? La, na ba'mkubwa wake Mbaruku. Nikamuuliza, ba'mkubwa naye fundi kompyuta? Akacheka! Tangu Ramadhani sijamsikia akicheka.

Jumapili, 10 Agosti
Wako sebuleni. Mimi chumbani, mlango nimeuegesha. Namwona mgongo tu. Kakonda. Namtaka mume wangu, nimfiche nani?

Baba kamuuliza: mwanangu kaja hapa na kinyongo, wewe umekuja na neno gani? Zaidi kasema kaja kwa sababu kompyuta imenishinda. Alinionya mapema, ati. Ataniwekea, halafu turudi nyumbani. Ba'mkubwa akaguna, akacheka kidogo.

Imenishinda! Na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia hivyo.

Mama kachungulia: unaitwa, njoo na hiyo kompyuta. Amri ya kuziondoa zile zana nimeshaiandika. Nikibonyeza, ataziweka yeye, na leo nalala kwangu Masuguru, kule Korogwe. Nisipobonyeza, natoka nayo hivi hivi, naiwasha mbele ya Baba, wote waone.

Naitwa tena. Si Mama sasa, ni Zaidi –