Wiki Saba au Miezi Saba

Jumatatu, 7 Aprili
Zamu ya asubuhi zahanati. Nimerudi saa tisa, nimefua sare, nimekaa na kadi zangu za maswali. Mussa, mume wangu, kaniuliza mpaka jua likashuka. Sura yote ya moyo nimeikariri. Mtihani wa kuingia chuo cha udaktari unafanyika Mei na Novemba. Kila mtu ana nafasi mbili tu. Moja nilishafeli. Neema, muuguzi mwenzangu, anasema twende Mei, wiki saba zinatosha, tukariri maswali ya nyuma basi. Nimeshajiandikisha.

Jumatano, 9 Aprili
Nimesahau kadi kazini. Mussa akasema si neno. Akaniuliza zote bila kadi, kwa mpangilio, hakuruka hata moja. Kiingereza cha kubahatisha, lakini majina yote anayo. Mume wangu! Kaishia darasa la saba, anapakia saruji kiwandani Wazo. Miaka tisa naishi naye, sikujua kichwa kile kina nini. Nimeduwaa. Na nimeona haya.

Alhamisi, 10 Aprili
Leo kaniuliza jambo lisilokuwamo kwenye kadi.
"Hizo vali, vilango vya moyo, Mama Salma, zinajuaje kwamba damu inataka kurudi nyuma?"
Nikamtajia zote nne.
"Majina nayajua. Nauliza zinajuaje."
Nimemnunia mpaka chakula kikapoa. Kosa si lake.

Jumamosi, 12 Aprili
Asubuhi nimenunua moyo wa ng'ombe buchani. Nilimwomba muuzaji asiukate mshipa mkubwa. Mussa kaushika kwa mikono miwili juu ya beseni, mie nikamimina maji kwenye mshipa.

Yakajaa. Yakatulia. Hayakushuka.

Tukachungulia. Chini kabisa, vifuko vitatu vyembamba kama utando wa ndani ya ganda la yai. Vimevimba maji, vimebanana, hakuna pa kupita. Kumbe havijui kitu. Damu inayotaka kurudi ndiyo inayovijaza, na vikijaa vinafunga njia.

"Subhanallah," kasema Mussa.

Miaka kumi na moja napima mapigo ya watu. Maelfu. Kitu hiki kilikuwa kinafunga na kufungua chini ya vidole vyangu, sikuwahi hata kushangaa. Nimemwaga maji mengine tena na tena, nione tu.

Wiki saba za kukariri nini?

Jumatatu, 14 Aprili
Nimeenda chuoni, nimehamishia jina langu Novemba. Karani kauliza mara mbili kama nina uhakika. Neema kasema najitia woga. Huenda. Yeye anaenda Mei, nami nitaanza chuo mwaka mzima nyuma yake, nikifaulu. Inauma. Wivu ninao, siufichi.

Jumapili, 20 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Mussa amelala, zamu yake ni mchana. Nimeanza mapafu. Ukurasa mmoja tu, saa mbili nzima.
Nimeuelewa.