Baba Sekela Anasema Namba Zangu Zina Adabu Kupita Kiasi

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, tena nijibu upesi, kwa sababu Jumamosi wajumbe wa chama chetu cha ushirika wa kahawa wanakutana na kazi yangu iko mezani.

Mimi ni Tusekile wa Uyole, mwaka wa pili sasa ndiye ninayetengeneza namba za siri za chama, mwanamke peke yangu katika ofisi ile, na sioni haya kujisifu, maana bei tunayoituma Iringa kwa simu ya maandishi inapita mikono mingi na wanunuzi wana masikio kila mahali, kwa hiyo kila tarakimu ya bei tunaijumlisha na namba yangu moja, na wakala wetu wa Iringa, ambaye ndiye mume wangu, ana karatasi kama yangu, anazitoa, anaipata bei, na hapo katikati hakuna anayeambulia kitu. Namba naziokota chunguni, vipande kumi vya gunzi nilivyoviandika sifuri mpaka tisa, natikisa, nachomoa bila kuchungulia, na kilichotoka nakiweka kando mpaka vyote viishe ndipo navirudisha, kwani nimelelewa hivyo, mtoto aliyekwisha kula hapakuliwi tena wenzake wakiwa na njaa, na ukihesabu karatasi zangu hakuna namba iliyopendelewa hata kidogo, sasa kosa liko wapi?

Basi juzi mume wangu huyo, Baba Sekela, kaja kutoka Iringa, mbele ya wajumbe akaniambia nisome karatasi mpya, namba tisa za kila mstari, na ya kumi akaitaja yeye bila kuiona, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wajumbe wakacheka, akasema, “Mama Sekela, namba zako zina adabu kupita kiasi.” Mbele ya watu! Sasa wanataka kazi apewe mwingine, naye hakunitetea, na tangu siku hiyo namwekea chakula bila neno. Niache kazi, au nishike msimamo wangu? Ndaga kwa kunisoma.

Tusekile, Uyole

Mama Sekela, pole, na uache kununa.

Nimekata gunzi langu nikajaribu, maana sishauri nisichokijua. Kwa njia yako, vipande tisa vikishatoka, cha kumi nilikijua kabla sijatia mkono. Mnunuzi naye atakijua! Akishasikia bei yenu ya juzi, anaitoa kwenye simu yenu, anabaki na namba zako, na zilizosalia chunguni anazijua. Kahawa ya watu wote itauzwa kwa bei anayotaka yeye.

Kwa hiyo mumeo ana haki kwa hesabu, hana haki kwa mdomo. Hilo mngelimaliza nyumbani, nawe mwambie hivyo waziwazi.

Chunguni hakuna mtoto mwenye njaa, mama. Kipande ukishakiandika kirudishe palepale, tikisa, chomoa tena. Saba ikitoka mara tatu mfululizo, iandike mara tatu. Mkono utakuwasha kuitupa, wangu uliniwasha, usiusikilize. Ukishajaza karatasi nyingi, hesabu: namba zikikaribiana, sawa; zikilingana kabisa, shituka; moja ikizidi mno, tazama kama kipande chake si kikubwa kuliko wenzake. Na njia hii hata wanunuzi wakiisoma hapa gazetini haiwasaidii, kwa sababu wewe mwenyewe hujui kitakachotoka.

Kuacha kazi? Thubutu! Aliyetunza siri ya wakulima miaka miwili hashindwi na kurudisha gunzi. Jumamosi weka chungu mbele ya wajumbe, jaza karatasi wakiona, kisha Baba Sekela ataje ya kumi. Moja moja atabahatisha, usibabaike. Akishakosa za kutosha, mtazame tu, usicheke. Karatasi hiyo ichome, imeshaonekana, ukatengeneze nyingine peke yako.

Jioni ukirudi nyumbani, jipakulie wewe kwanza, tena mara mbili.