Ukuta wa Concepta

Gortmellick,
Mayo.
14 Septemba 1979

Mpendwa dada Philomena,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Hujambo huko Boston? Na lile goti, limeacha kukusumbua? Sisi wazima, ila mvua haitupi nafasi ya kuanika mboji ya kuchoma badala ya kuni, na ndama mmoja anakohoa.

Dada, kuna jambo limenikaa kooni. Jirani yetu Concepta Munnelly alikuwa akikata mboji ya kuwashia moto, akakuta ukuta wa mawe chini kabisa. Kaja profesa kutoka Dublin, kasema ni mipaka ya mashamba ya watu wa miaka elfu tano iliyopita. Basi Concepta hashikiki. Picha gazetini, wanafunzi wamejaa jikoni kwake wanakula mkate wa soda, na kila Jumapili baada ya misa lazima aseme "ukuta wangu". Wivu umenila, sikufichi.

Nikachukua ule ufito wa chuma wa baba wa kutafutia magogo yaliyozama ndani ya mboji, nikaanza kudunga mboji upande wetu. Siku nne, laini tu. Ya tano, ko! Jiwe. Hatua moja mbele, jiwe tena. Nilikwenda kumwita profesa na matope yangu magotini.

Akaufuata ukuta hadi nyuma ya banda letu. Akasema unaelekea kwenye nyumba ya wale watu wa kale, nyumba yenyewe, ambayo kwa Concepta wameitafuta wakaikosa. Akadunga huku, akadunga kule, hakuna kitu. Akaniuliza kwa upole kama kuna mtu aliwahi kutoa mawe pale. Nikasema sijui.

Najua, na wewe unajua. Mwaka ule kabla hujasafiri, baba alikata mboji pale mpaka chini, mimi na wewe tukabeba kwa vikapu vya punda mawe yaliyopangwa kama ukuta wa nyumba, mduara mzima, tukashukuru kwamba kuna mtu ametupangia. Ndiyo tuliyojengea banda la ndama.

Jana Concepta kaja kunipa pole. "Usijali, Attracta," akaniambia, "si kila shamba lilikaliwa na watu."

Jibu lilinifika mdomoni. Lakini nyuma yake ndama akakohoa, ndani ya nyumba yangu ya miaka elfu tano, nikamkaribisha chai.

Msalimie shemeji Malachy na watoto. Ukimwandikia Concepta kadi ya Krismasi, hili usiliguse. Mungu akufunike kwa mkono wake.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye kwa wivu wangu wote,
Attracta