Kwa Shangazi, Kuhusu Afya ya Kanisa Letu

Nyumbani,
Chumba cha nyuma,
Jumamosi jioni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako mwenyewe. Habari za kazi? Ile baridi uliyoilalamikia kwenye simu imepungua? Sisi huku miili ni mizima, ila baba anakohoa kidogo asubuhi na anakataa kukiri kwamba anakohoa.

Nimeuliza afya yako kwa makini kuliko kawaida. Sababu utaiona mbele.

Shangazi, nimechoka na kanisa letu. Tafadhali usimpigie baba simu kabla ya kumaliza kusoma. Mchungaji aliniita ofisini kwake, kile chumba kilichojaa viti vilivyovunjika, akaniomba nipime afya ya kanisa. Baraza la wazee linataka kufungua kanisa dogo upande wa pili wa mji. Kabla ya kuamua, alitaka mtu aliyesoma apite kwenye vikundi vya maombi vya nyumbani, aone kama waumini wanakua kiroho. Mimi nilijiona nimepata kazi ya maana. Baba alifurahi kunizidi, kwa kuwa hilo kanisa jipya analiota hata mchana.

Ukiangalia kwa macho, hatuna tatizo. Ukichelewa ibada unasikilizia dirishani. Kwaya ina majoho mapya. Lakini kila nilipomuuliza mtu anaendeleaje na Mungu wake, alinijibu kana kwamba wote wamekubaliana. Tunasonga mbele. Bwana ni mwema. Fundi wa vyombo vya muziki, yule tunayemwita Spika kwa kuwa hajui kunong'ona, aliniambia, "Andika tunawaka moto, mwalimu. Kwani hujasikia besi ya Jumapili?" Nikamwambia sikutumwa kupima besi. "Basi," akasema, "utakosa mambo mazuri."

Nikaacha kuuliza, nikawa nakaa tu na kusikiliza. Unakumbuka utaratibu wetu: kabla ya kufunga, kiongozi anauliza nani ana hitaji la kuombewa. Shangazi, katika kila nyumba niliyoingia watu waliombea safari na ndugu walio mbali. Mjomba anasafiri. Binamu ana mtihani huko aliko. Hakuna aliyeomba kwa ajili yake mwenyewe. Ukiwasikiliza utadhani sisi hatuna dhiki hata moja, dhiki zote zinaishi kwa jamaa zetu.

Na katika kikundi chetu, kinachokutana sebuleni kwetu, baba anaomba kila wiki kwa ajili ya magoti yako. Ndiyo, magoti yako wewe. Wewe uliyeniambia unapanda ngazi na mizigo kila siku. Kwa hiyo ukikutana na mtu wa huku akakutazama miguu kwa huruma, usishangae. Umeugua sana kanisani kwetu.

Mwanzoni nilicheka. Halafu nikamuuliza mama, tukiwa jikoni tunachambua mchele, kwa nini tunafanya hivi. Alimaliza kwanza kuchambua mchele wa sinia lake. Kisha akaniambia.

Unajua jinsi mama mdogo alivyougua, na jinsi kanisa zima lilivyomwombea apone. Alipofariki, mama alishindwa kuomba. Aliwaeleza wanawake wenzake kwenye kikundi, kwa sauti ya chini, kwamba akipiga magoti hakuna neno linalokuja. Jumapili iliyofuata mchungaji alisema mimbarini kwamba yuko mama humu ndani, tena mke wa mzee wa kanisa, aliyegoma kuzungumza na Mungu. Watu wakageuka. Mama akafungua kitabu cha nyimbo akajifanya anatafuta ukurasa. Mimi nilikuwa bado chuoni, sikuambiwa. Tangu siku hiyo, kila mtu huku anaombea safari.

Mama aliamini aliyepeleka maneno ni rafiki yake, mke wa mwashi, aliyekuwa ameketi karibu naye siku ile. Aliacha kumsalimia. Wanawake waliokuwa wakiazimana hata sindano walipitana kama wageni.

Basi nikaandika taarifa yangu. Sikumtaja mama. Niliandika kwamba kanisa limejaa lakini watu wake wanaogopana, kwamba linalosemwa kwenye maombi lisipandishwe mimbarini, na kwamba tusifungue jengo la pili kabla ya kutibu la kwanza. Nilimwonyesha baba kwanza, kwa heshima. Aliisoma akiwa amesimama.

"Unataka kutuvua nguo mbele za watu," akasema.

Nikamuuliza ni nani hasa aliyemwambia mchungaji habari za mama. Akaketi. "Mimi," akasema. "Wewe ulitaka nifanyeje? Mke wangu alinieleza haombi. Nilitaka amwombee. Sikujua atahubiri."

Na amemwacha mama amchukie mke wa mwashi muda wote huo, Shangazi, huku akiombea magoti yako.

Taarifa niliisoma mbele ya baraza. Mchungaji alinishukuru kwa moyo wa utumishi, mzee mmoja akasema vijana wasomi wana maneno makali, kisha wakapitisha kanisa jipya. Baba alipiga kura pamoja nao. Tulirudi nyumbani kila mtu na upande wake wa barabara.

Lakini tulipofika, alikwenda moja kwa moja kwa mama, aliyekuwa anapiga pasi. "Mke wa mwashi hakusema neno," akamwambia. "Ni mimi niliyesema." Mama alizima pasi, akajitupia mtandio, akaenda kwa rafiki yake. Shati la baba lilibaki mezani, mkono mmoja umenyooka, mwingine bado.

Wiki hii kikundi kilikutana kwetu kama kawaida. Mwashi, ambaye ndiye kiongozi wetu, akauliza nani ana hitaji. Mama akasema, "Niombeeni mimi. Bado siwezi kuomba, na mume wangu nimeshindwa kumsamehe." Baba alikuwa ameketi palepale. Hakuna aliyeomba kwa sauti. Mke wa mwashi alihamisha kiti chake akaketi karibu na mama, na baba akainamisha kichwa, hakumwombea mtu wa mbali.

Kesho ni Jumapili. Mchungaji lazima ameshasikia, maana huku maneno yana miguu. Nimekasirika hata kabla hajafungua mdomo, na najua si vizuri. Nitaketi kulia kwa mama, mke wa mwashi kushoto. Tumekubaliana kwamba mchungaji akimtaja mama, sote watatu tutainuka na kutoka, polepole, kwa mlango wa mbele.

Wasalimie mjomba na binamu zangu wote wa hapo, hasa yule mdogo anayenung'unika. Wifi yako anakusalimu sana. Kaka yako angekusalimu pia, lakini nadhani anakuonea aibu.

Mungu akulinde huko uliko, na akuache useme naye kwa maneno yako mwenyewe.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye bila kupungua,

Mwalimu wako